Bologna hadi Craiova, Saa Moja na Dakika Arobaini

Alhamisi mchana sisi wanawake wa Kiromania tunaolea wazee wa Bologna hupewa mapumziko, tukijazana kwenye mabenchi ya bustani. Hapo ndipo Saveta Ciobotea alipopigiwa simu kwamba mama yake amefariki, kijijini nje ya mji wa Craiova, kwetu Romania. Alilia kidogo, akajipangusa, akampigia bosi wake.

Bosi huyo, Bibi Ornella, anaishi Milano. Saveta alikuwa akimtunza baba wa bibi huyo, Mzee Ermete, hapa Bologna, mwaka wa saba huo: kumwogesha, kumlisha, kumgeuza kitandani. Simu aliiweka kwa sauti, sote tukasikia.

"Pole sana, Veta. Nimeangalia hapa, ni kilomita elfu moja tu. Ndege inakwenda saa moja na dakika arobaini. Nenda kesho, uzike Jumamosi, Jumapili jioni uwe na baba."

"Nitarudi baada ya siku arobaini, bibi."

"Arobaini! Unapanda ndege au punda?"

Ningekuwa mimi ningekata simu. Saveta alimweleza taratibu. Kwetu Oltenia, upande ule wa Craiova, maiti huzikwa siku ya tatu, lakini safari yake haiishi hapo. Kwa siku arobaini lazima achotewe maji, kila siku ndoo, yapelekwe kwa jirani kwa jina lake, na siku ya mwisho mshumaa uachiliwe mtoni. Asiyechotewa hukaa na kiu huko aliko, milele. Ni kazi ya wasichana. Kijijini kwa kina Saveta hakuna msichana hata wa dawa. Wote wako Italia, wanageuza wazee wa watu kitandani.

"Si umlipe mtu achote?"

"Aliye mdogo kule ana miaka sabini na mbili, na goti bovu."

"Basi natafuta mwingine wa kumlea baba. Usije ukasema sikukwambia."

Tukaanza kumvuta Saveta mkono. "Veta, kazi mbaya si mchezo mwema! Mwambie wiki moja!" Nami nilikuwa miongoni mwao, na mpaka leo naona aibu.

Saveta akasimama. "Sikiliza, bibi. Milano mpaka hapa ni saa moja kwa treni. Mwaka mzima nimekuona mara mbili. Usinifundishe umbali mimi. Njoo umlishe baba yako." Akakata.

Alichota zote arobaini. Ilikuwa Februari, kisima kinaganda, na kila asubuhi alipasua barafu kwa shoka kabla ya kutumbukiza ndoo. Vidole vilimpasuka. Aliporudi nilimsindikiza kwa Mzee Ermete kuchukua nguo zake, maana tulijua kazi imeshakwenda na maji.

Mlango aliufungua Ornella mwenyewe, nywele timutimu, kijiko cha supu mkononi. Alikuwa ameajiri wawili, mmoja baada ya mwingine. Mzee aliwatemea mate wote wawili.

"Nimemlisha mwezi mzima, Veta," akasema. "Peke yangu." Kisha akatutazama, akingoja sifa.

Nilishafungua mdomo nimpe hongera. Saveta akanikanyaga mguu.

"Na mimi nimemchotea wangu," akasema, "wala sikungoja asante ya mtu."