Umri wa Twiga

Bibi Pasi alinyoosha nguo za watu tangu ujana wake, kwa pasi ya mkaa iliyolishusha bega lake la kulia mpaka likawa chini ya mwenzake. Kisha umeme ukaingia mtaani, na kila mwenye kiherehere akanunua pasi yake. Bibi Pasi hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba siku hizi watu wanatembea wamekunjamana na wanaita maendeleo.

Alikuwa na mjukuu mmoja wa kike, ambaye mtaa mzima ulimwita Twiga, maana alirefuka kama mtu mwenye ahadi na dari. Mama yake Twiga alikuwa kazini, mbali. Hivyo ndivyo Bibi Pasi alivyomjibu siku alipouliza mara ya kwanza, na fundi viatu wa jirani, mwenye mdomo usiojua likizo, alilibeba neno hilo bila kulidondosha. Ukweli ulikuwa mfupi zaidi: mama alijifungua njiani kuelekea hospitali, na hospitalini akafika mtoto tu.

Kila jioni Twiga alibakiza uji kidogo chini ya sufuria.

"Mama akija amechoka, atakuta kitu."

Alfajiri Bibi Pasi aliula mwenyewe, umeshapoa. Uongo una gharama zake, na huu ulikuwa na ladha ya ukoko.

Halmashauri ilipotangaza unga na maziwa kwa watoto wa kaya maskini wasiotimiza miaka sita, Twiga alikuwa na mitano. Ila alikuwa na mitano bila cheti cha kuzaliwa, na urefu wa minane. Bibi Pasi akamchukua fundi viatu awe shahidi, wakaenda ofisini siku ya mwisho ya kuandikisha, kama wanavyoenda watu wote wenye shida.

Karani alimtazama Twiga kupitia kioo cha dirisha, akatumia kipimo cha serikali kisichohitaji kalamu.

"Pitisha mkono juu ya kichwa, ushike sikio la upande wa pili."

Twiga akalishika, akalivuta kabisa, kwa kutaka kusifiwa.

"Limeshikika. Huyu ana saba."

"Mwanangu, hiyo ni mikono ya babu yake," Bibi Pasi akasema. "Babu yake alikuwa anajikuna goti bila kuinama."

"Babu hayumo kwenye mpango. Basi nipe tukio. Alizaliwa wakati gani?"

"Wakati daraja lilipoanguka!" fundi viatu akadakia.

"Lipi, mzee? Limeanguka mara tatu."

"Lile... la katikati."

"La katikati ni miaka minane iliyopita. Unamzeesha mtoto wa watu." Karani akapiga miayo. "Mama, hakuna tukio jingine? Moto, harusi, msiba? Orodha inafungwa leo. Ukikosa, ni mpaka mwakani."

Mwakani Twiga angekuwa amepita umri kweli, tena bila kulazimika kushika sikio. Na nyumbani debe la unga lilikuwa limebaki na harufu tu.

"Mjukuu wangu," Bibi Pasi akasema, "hebu nenda nje ukaangalie kama kuna kivuli cha kupumzikia."

"Habanduki," karani akasema. "Mwaka jana mtoto mmoja aliandikishwa na akina mama sita. Anayepimwa anabaki hapo mpaka nigonge muhuri."

Bibi Pasi akainama kwenye kitundu cha kioo, akanong'ona.

"Sisikii, mama. Paza sauti."

Fundi viatu akaanza kukohoa, kikohozi kikubwa kama cha ng'ombe.

"Mzee, ukikohoa tena nakutoa!"

Basi fundi viatu akafanya lililobaki. Akapiga magoti nyuma ya Twiga, akamziba masikio kwa viganja vyake vyeusi kwa rangi ya viatu.

"Alizaliwa siku aliyokufa mama yake," Bibi Pasi akasema, kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni. "Tulimzika kesho yake. Kibali cha mazishi mlitoa nyinyi, dirisha lile pale."

Karani akaenda dirisha la pili, na hakukawia. Marehemu alikuwa na jalada safi, lenye tarehe na mihuri yake yote. Aliyepungukiwa ni huyu aliye hai.

"Kweli, mitano na kitu," akasema. "Ungeanza na hilo, mama, tusingesumbuana na masikio. Pole kwa msiba."

Akagonga muhuri, wakapewa mgao wa kwanza.

Walirudi nyumbani, unga ukiwa kichwani kwa Bibi Pasi na maziwa ya kopo kifuani kwa Twiga. Masikio ya mtoto yalikuwa na alama nyeusi za vidole pande zote mbili.

"Bibi," Twiga akasema walipokaribia mlango, "kwa hiyo mama hajawahi kuniona?"

"Alikuona. Alisema una mikono mirefu."

Kama huo nao ulikuwa uongo, Bibi Pasi hajamwambia mtu hadi leo.

Jioni ile uji ulikuwa mzito, wa maziwa, na mwingi kuliko siku zote. Twiga alikunywa akashiba. Kisha akaivuta sufuria, akaikwangua kwa kijiko mpaka chini, akala hadi ukoko.

Alfajiri Bibi Pasi aliamka kwa mazoea, akafunua mfuniko wa sufuria tupu, akasimama nao mkononi.