Bastola Ndani ya Kanzu

Juzi, katika duka la bunduki mjini, niliona bwana mmoja mwenye shamba la karafuu akichagua risasi za bastola. Majirani zake wamegombana naye kwa siasa, alisema, na sasa hatoki bila ya silaha ndani ya kanzu.

Muuzaji alimwonyesha namna ya kuzitia. "Tundu la risasi lililo chini ya nyundo ya bastola liache tupu, bastola isije ikaanguka ikafyatuka."

"Itaangukaje, nami nimeifunga kiunoni?"

Mkewe, aliyekuja naye dukani, akauliza: "Na ukisujudu?"

"Ntaswali safu ya nyuma."

"Na safu ya mbele wako nani, bwana, kama si hao hao majirani?"

Bwana alizinunua risasi, lakini alizitia mfukoni, si ndani ya bastola. Nami nikisikia adhana, huomba kila mwenye bastola awe na mke wa kumwuliza.