Maji ya Mvua ya Birika

Katika kituo cha redio nilichofanyia kazi nje kidogo ya Kitale, miaka ya hamsini, kulikuwa na chombo tulichokiita birika. Lilikuwa pipa la shaba lenye bomba la kauri ndani. Tulipojaribu mtambo bila kurusha sauti hewani, nguvu zake zote tulizielekeza kwenye bomba hilo. Bomba likapata moto, na maji yaliyolizunguka yakauchukua moto huo. Maji yasipolipoza vizuri, lilipasuka.

Fundi mkuu wetu, Mwislamu wa Bungoma mjini, alilitunza birika lile kama ng'ombe wa maziwa. Alikata washa za kuzuia maji yasivuje kutoka kwenye tyubu kuukuu za baiskeli, akaisugua kauri kwa ndimu, na hakutaka maji mengine ila ya mvua, aliyoyakinga kwenye tangi. Maji ya kisima chetu yalikuwa na chokaa nyingi.

"Kijana, hii birika haipiki chai," aliniambia akienda likizo. "Usiinyweshe maji ya kisima."

"Mzee, si nimesoma? Najua."

"Ati umesoma! Haya, tutaona, bana."

Kituo kipya kilikuwa kinafunguliwa Bungoma, naye alikuwa ameahidiwa kukisimamia, mradi mkaguzi aridhike na kazi yetu. Mama yake aliishi peke yake karibu na msikiti wa Bungoma, macho yakimwishia nguvu. Sote tulijua anachokingojea.

Kilikuwa kiangazi. Maji ya kisima yalikataa sabuni, nami nilikuwa na mashati meupe niliyoyapenda kupita kiasi. Nikayafua kwa maji ya tangi, Jumapili baada ya Jumapili. Tangi lilipokauka, nikalijaza birika maji ya kisima. Mishale ya saa zake za vipimo haikutikisika, nami nikatulia.

Fundi alirudi asubuhi ileile mkaguzi alipofika. Mtambo ukawashwa. Hatukukaa sana, tukasikia mlio kama wa chungu kinachopasuka motoni. Bomba tulilolitoa lilikuwa limevaa ukoko mweupe. Fundi aliukwangua kwa ukucha, akaenda kulichungulia tangi, kisha akalitazama shati langu. 

Nilimwambia mkaguzi kwamba kosa ni langu. Akajibu kwamba kituo kiko mikononi mwa fundi, si mwangu. Lakini baadaye niliitwa nikaambiwa kwamba Bungoma nitakwenda mimi badala yake, kwa kuwa ni kijana msema kweli.

Nilimfuata fundi nikitumaini atanikataza.

"Nenda," alisema. "Na ukinge mvua mapema."

Bomba lile tulilibadilisha, likasahaulika. Nisichoweza kukisahau ni kwamba ningeweza kusema hapana, nami nilifunga sanduku langu nikaenda.

Mvua zilipokaribia nilikwenda kwa mama yake fundi kumwekea mfereji wa mabati kwenye paa. Alinipapasa mkono wa shati.

"Laini hii. Unafua na maji ya mvua?"

"Ndiyo, mama."

"Hata kijana wangu anapenda maji ya mvua. Wewe si unatoka Kitale? Atakuja lini kukaa hapa?"

Nikamwambia bado ana kazi nyingi kule, nikapanda tena ngazi kupigilia misumari.