Herufi Tatu za Babu Jaa

Kila asubuhi jirani yangu anapofagia uani na kuchoma taka na majani makavu ya mti wa mkungu, moshi hunifikia dirishani ukiwa na harufu ya vifuu vya nazi na umande. Hapo hapo nami hurudi mtaani Makorora, darasa la saba, kalamu ya kuazima mkononi, nimedhamiria kulifuta jina la babu yangu.

Jina lenyewe lilikuwa Jaa. Mimi ni Rehema Bakari Jaa, na wewe msomaji, kama ni wa pwani, umeshaelewa shida yangu: jaa ni pale nyuma ya nyumba panapotupwa taka. Wenzangu shuleni walinikabidhi maganda ya miwa wakisema niyapeleke kwa babu. Nilijaribu kuwaambia kwamba ni jaa ya kujaa, kama mtungi unavyojaa maji. Walicheka mpaka wakakaa chini.

Basi tukapewa fomu za mtihani, tujaze majina matatu: lako, la baba na la babu. Mwalimu alituonya kwamba litakaloandikwa pale ndilo litakalokaa kwenye cheti maisha yote. Nikachomeka herufi moja tu. Jaa likawa Jaha, na jaha, kama mjuavyo, ni heshima na neema. Nilijiona hodari, maana kwa herufi moja nilikuwa nimeuhamisha ukoo mzima kutoka kwenye taka.

Fomu ilihitaji sahihi ya mzazi, na nilipokuja nyumbani kula mchana nikaiweka juu ya sanduku la babu nikimsubiri baba atoke kazini. Bibi Mwanaisha, dada yake babu aliyekuwa akikaa nasi, akaichukua. Bibi alisoma Kurani vizuri, lakini herufi za shule hakuzijua, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Kosa langu lilikuwa kulisahau sanduku. Babu aliwahi kufanya kazi shamba la mkonge, na huko walimwandikia jina lake kwenye kifuniko kwa rangi nyeupe. Bibi aliweka kidole kwenye fomu, akakihamishia kwenye sanduku, akakirudisha tena.

"Jina la mdogo wangu lina herufi tatu," alisema. "Hizi mbona nne?"

Ikabidi niseme. Babu alicheka kutoka barazani.

"Mwache mtoto, dada. Herufi moja itanipunguza nini?"

Bibi hakucheka. "Usimpambe," aliniambia kwa sauti ya chini. Akavaa buibui lake, jua la saa saba likiwaka na magoti yake yakimuuma, akanishika mkono twende shuleni.

Njiani alinisimulia. Kule kijijini kwao Kigombe mama yao alizaa watoto wanne baada yake, na wote walikufa kabla ya kutimiza siku arobaini. Alipozaliwa wa tano, wazee wakaona kifo kimeizoea nyumba ile na kinachagua watoto wanaopendwa. Bibi, msichana wa miaka kumi, akapewa kile kichanga akakilaze jaani juu ya jani la mgomba. Jirani akapita, akajifanya ameokota kitu kilichotupwa, akamleta ndani. Wakamwita Jaa.

"Kuku walikuwa wakichakura karibu na kichwa chake," bibi alisema. "Nikawa nawafukuza. Na nilikatazwa kulia, mwanangu."

Nilimsikiliza kwa hasira ya mtu aliyeumbuliwa. Niliona ni ukaidi tu, kunitia aibu kwa mambo ya kale yaliyokwisha zamani.

Mwalimu wa darasa alimpa bibi shikamoo, akamweleza kwa adabu kwamba fomu nyingine hazipo. Bibi akaketi kwenye benchi la mlangoni. "Marahaba. Nitasubiri," alisema, na akasubiri kweli, hadi kengele ya mwisho ikalia na madarasa yakafungwa. Mwalimu akashindwa, akachukua wembe, akaikwangua ile herufi taratibu, karatasi ikabaki na doa jembamba. Bibi aliinama akahesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu. Ndipo akakubali turudi nyumbani.

Miaka mingi baadaye nilijifungua mtoto wangu wa kwanza. Mgeni mmoja akamtazama, akasema mtoto mzuri huyu, nami nikajikuta namfunika uso kwa kanga upesi kabla hajamaliza kusema. Nilikaa na ile kanga mkononi, machozi yakanitoka.

Siku ile ya fomu babu alikuwa mzee wa mvi, mwenye wajukuu, na mimi nilidhani bibi anatetea jina la kale. Kumbe alikuwa bado yuko pale jaani, anamficha mdogo wake kifo kisimwone. Na aliweza. Alitangulia yeye, na Jaa ndiye aliyemzika.