Mstari wa Tano

Bi Genowefa Kurpisz alikuwa mtu wa kuaminika, na hilo ndilo lililomponza. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa karani wa ofisi ya mbunge katika mji wetu wa Olszyniec, chumba kimoja juu ya duka la viatu, dirisha likitazama kanisa. Watu walimpandishia ngazi malalamiko ya mabomba, ya pensheni, ya mipaka ya mashamba, na pamoja na malalamiko wakamwachia siri zao. Hakuna aliyewahi kusikia kwamba Bi Genia, kama tulivyomwita, ametoa ya mtu nje.

Mbunge mwenyewe alikuwa Zdzisław Pachota, daktari wa mifugo, bonge la mtu lenye mikono mikubwa. Hata alipokwenda bungeni Warszawa tuliendelea kumwita Daktari. Mtu aliyeingiza mkono wake hadi begani ndani ya ng'ombe wako wakati wa theluji, akakutolea ndama mzima, kura utamnyimaje?

Serikali ya wakati huo ilikuwa ya kuungaunga. Vyama vitatu vilishikana mikono kwa shingo upande: kimoja kikubwa chenye wabunge mia moja themanini na wanane, kimoja cha wastani chenye arobaini na wawili, na chama kidogo cha Daktari, Nyumba Yetu, chenye watu tisa. Bunge lina viti mia nne sitini. Anayefika mia mbili thelathini na moja ndiye mwenye nchi, na wale tisa walijua kuhesabu, ndiyo maana walikuwa wakibembelezwa kama bibi harusi.

Kisha ukaja muswada wa hospitali. Wodi za wazazi katika miji midogo zingefungwa, na wanawake wa Olszyniec wangepelekwa kujifungulia mji mkubwa, kilomita arobaini na nne, barabara ya msituni. Hapo mji uliwaka. Bi Genia alitoka na daftari, nyumba kwa nyumba, akiwa na rafiki yake tangu darasa la kwanza, Honorata Szulim, aliyekuwa mkunga katika wodi hiyohiyo kwa miaka thelathini na minane. Walitembea mpaka miguu ikavimba, wakakusanya saini elfu mbili na mia moja. Daktari akasimama katika ukumbi wa zimamoto, akanyoosha mkono wake wa kulia na kula kiapo.

"Mnauona mkono huu?" alisema. "Umewatolea ndama. Nikiuinua kwa ajili ya muswada ule, njooni mnikate."

Tulicheka na kupiga makofi. Wiki iliyofuata Nyumba Yetu ikajitoa serikalini, na serikali ikabaki na watu mia mbili thelathini kamili. Ilipungukiwa na mtu mmoja.

Simu ya ofisini haikupoa tena. Kulikuwa na bwana mmoja wa Warszawa, sauti laini kama siagi, ambaye kila asubuhi aliuliza watu wa Olszyniec wana shida gani. Mwisho Daktari alikaa kwenye meza ya Bi Genia, akaanza kumsomea orodha ya bei ya kura yake, naye akapiga chapa. Kwanza, wodi ya Olszyniec isiguswe, hata kama nyingine zinafungwa. Pili, daraja la mto. Tatu, basi la asubuhi lirudishwe. Nne, fidia ya ukame kwa wafuga ng'ombe.

Karatasi ikatoka kwenye mashine. Daktari akaitazama.

"Nne tu? Akiomba mtu anaomba tano, wakate moja. Bi Genia, wewe una shida gani?"

"Mimi sina shida, Daktari."

"Miaka kumi na mmoja umekaa hapo, hujaniomba hata ruhusa ya Ijumaa. Sema, mama."

Alikuwa ameuma ulimi kwa muda mrefu mno, na siku hiyo ulimchoka. "Ni Damian wetu," alisema. Damian alikuwa mume wa binti yake wa pekee. "Mwaka wa pili huu yuko nyumbani anaangalia ukuta. Ana digrii ya kilimo. Kazimiera analia chooni akidhani siwasikii."

"Ongeza."

"Daktari, haifai. Hapo kuna wodi, kuna daraja…"

"Ongeza kwa kalamu, usipoteze karatasi nyingine. Watakata hiyo, watatuachia nne. Ndivyo inavyofanywa."

Bi Genia akaandika kwa mkono wake mwenyewe, chini kabisa, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya masista: tano, Damian Wrzos, nafasi ya kazi katika bohari ya nafaka ya serikali. Baadaye alijiambia mara nyingi kwamba angeweza kuiweka kalamu chini. Hakuna aliyemshika mkono.

Siku ya kura, wanawake wa chama chetu cha akina mama walikusanyika kwa Honorata mbele ya televisheni, wakimenya maharage. Asubuhi hiyo bwana mwenye sauti ya siagi alikuwa amempigia Daktari na kumwambia yote yanashughulikiwa, na Bi Genia, aliyepokea simu na kuiunganisha, ndiye peke yake sebuleni pale aliyejua. Bungeni kwetu mtu hubonyeza kitufe na kuinua mkono pia. Spika aliuliza nani anakubali, na kamera ikapita juu ya msitu wa mikono.

"Huo si mkono wake?" Honorata alisema.

Ubao ukaandika mia mbili thelathini na moja kwa mia mbili ishirini na tisa. Honorata aliendelea kumenya maharage, ila sasa maganda aliyatia kwenye sufuria na maharage akayatupa kwenye ndoo.

Majibu ya orodha yalikuja siku nne baadaye, kwa barua, na Bi Genia ndiye aliyeifungua. Ilikuwa karatasi yao ileile. Wodi ilikatwa kwa mstari. Daraja, mstari. Basi, mstari. Fidia, mstari, na pembeni maneno "mwaka ujao pengine". Mstari wa tano, ule wa kalamu, uliwekewa alama ya vema kwa wino wa kijani. Kati ya yote waliyoomba, huo ndio uliokuwa rahisi. Serikali ya Poland ilisimama kwa mtu mmoja, na malipo ya mtu huyo yalikuwa kazi ya mkwe wa karani wake.

Daktari alisoma amesimama. Kisha akakaa kwenye kiti cha wageni.

"Wamenifanya mjinga," alisema.

"Niwaandikie waifute hiyo ya Damian?"

"Ya nini? Wodi itarudi? Acha, Bi Genia. Angalau mtu mmoja apate kula."

Tangu hapo mji ulimfanyia Daktari kila ubaya unaofanyika kistaarabu. Aliingia dukani, mazungumzo yakakatika. Mlangoni pa ofisi waliandika YUDA kwa rangi nyekundu, na Bi Genia akasugua hadi kucha zikapasuka. Watu waliapa kwamba amepewa unaibu waziri. Ulipopita mwezi bila unaibu, wakasema amepewa shamba. Kwenye foleni ya mkate walimgeukia karani.

"Bi Genia, wewe uko ndani. Kapewa nini huyo?"

"Sijui."

"Nawe utasema nini zaidi, maskini. Kukaa chumba kimoja na mtu kama yule."

Walimhurumia. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Kila aliposema "sijui" alijiambia kwamba kesho atasema. Mwezi wa nane Damian akaanza kazi bohari, wilaya ya jirani, meneja msaidizi, na gari akapewa. Bi Genia aliwaambia watu kwamba mkwe wake amefaulu usaili. Daktari angeweza kumaliza maneno yote kwa sentensi moja tu, na hakuisema, wala hakumtazama kwa jicho la kumkumbusha.

Mwezi wa tisa ni sherehe za mavuno. Kila mwaka akina mama huchagua mama wa mavuno. Hubeba mkate uliookwa kwa ngano mpya, meya akaukata, kisha mama wa mavuno hupita na kikapu mbele ya watu wote, na kila mtu huchukua kipande, hata mlevi, hata aliyegombana na jirani. Kumruka mtu ni kumwambia kwamba hayumo tena katika mji huu. Anayekumbuka mtu kurukwa hapa ni mzee sana, na aliyerukwa alikuwa mtu aliyewachongea majirani zake kwa Wajerumani wakati wa vita.

Mwaka huo Honorata alimpendekeza Bi Genia.

"Kwa sababu ya zile saini," alisema mbele ya wote. "Tulishindwa, lakini alitembea."

"Mpeni mwingine," Bi Genia alisema. "Mgongo unaniuma."

"Mgongo wako ulipanda ngazi zote za mji huu, leo ndiyo umeuma? Acha kujishusha."

Wakiwa jikoni kwenye ukumbi wa zimamoto, wakikata soseji na matango ya chumvi, Honorata akaongeza neno. "Na yule akithubutu kuja, asipewe."

Wanawake wakakubali mmoja mmoja. Zamu ilipomfikia Bi Genia, aliinamisha kichwa, na wakahesabu kwamba amekubali.

Daktari alikuja. Alivaa suti yake ya kijivu ya miaka yote, peke yake, akasimama mwisho wa mstari karibu na trekta zilizopambwa. Bi Genia alimwona tangu alipochukua kikapu. Watu walichukua vipande, wakamwambia Mungu akubariki. Alipofika kwa mtu wa kabla ya Daktari, uwanja wote ulikuwa kimya, hata bendi. Daktari alikuwa ameshanyoosha mkono. Ule mkono mkubwa, kiganja juu, kama wanavyonyoosha watoto. Bi Genia alitazama kiganja, si uso, akampita.

Daktari aliuvuta mkono na kujikuna sikio, kana kwamba ndilo alilokusudia tangu mwanzo.

"Sawa, Bi Genia," alisema polepole, yeye tu asikie. "Endelea tu."

Nyuma yake makofi yalianza, na wa kwanza kupiga alikuwa Damian, karibu na gari lake la kazi. Honorata akamjia, akamkumbatia mbele ya kanisa zima na mji mzima, akambusu mashavu yote mawili. Alinukia sabuni ya hospitali hata baada ya kustaafu. "Najua haikuwa rahisi kwako," alimwambia. Bi Genia alitamani ardhi impasukie. Alisimama ndani ya mikono ile na kikapu kikimbana tumboni, akaona aibu kwa jinsi mwili wake ulivyofurahia kukumbatiwa.

Jumatatu alifika ofisini na mapema. Daktari alikuwa ameshatoa picha zake ukutani. Alisema hatagombea tena. Bi Genia aliweka kipande cha mkate mezani, kimefungwa kwa kitambaa safi. Alikuwa amekificha tangu juzi.

Daktari alikifungua. Kilikuwa kimekauka. Alimega, akatafuna kwa muda.

"Mzuri," alisema. "Juzi ungekuwa laini."

"Daktari, nisamehe."

"Ningekuwa wewe, sijui ningefanya nini." Alifungua mtoto wa meza, akatoa orodha, ile yenye mistari minne na alama ya kijani, akamsogezea. "Chukua. Hii ndiyo nakala ya pekee. Nyumbani kwako kuna jiko la kuni, itie humo, na habari ifie hapo. Mimi nimeshapakwa matope, zaidi ya haya hayanidhuru."

Bi Genia aliichukua na kushuka ngazi. Njia ya kwenda kwake ni kushoto. Alisimama mbele ya duka la viatu, akamfikiria Kazimiera, ambaye siku hizi alicheka mezani, na akaona wazi kwamba kicheko hicho huenda kikaisha leo. Kisha akapinda kulia, kuelekea kwa Honorata.

Honorata alikuwa jikoni akichemsha mitungi ya plamu. Alifurahi kumwona, akavuta kiti, akaanza kumtafutia kikombe.

"Usinitilie chai," Bi Genia alisema. "Mliuliza Daktari amepewa nini." Akaiweka karatasi mezani, kati ya mitungi.

Honorata alivaa miwani. Alisoma kuanzia juu, wodi, daraja, basi, fidia, akitingisha kichwa kwa kila mstari. Kwenye wa tano kichwa kilitulia. Mwandiko ule aliujua. Kwa miaka minane ya shule alikuwa amenakili kutoka humo hesabu zote za nyumbani. Alisoma tena, kisha akavua miwani na kuifuta kwa aproni, taratibu, kioo kimoja baada ya kingine.

"Juzi nilikukumbatia," alisema.

"Ndiyo."

"Mbele ya watu wote. Naye amesimama pale pale."

"Ndiyo, Honorata."

Honorata alizima jiko ingawa plamu hazijaiva. Alivua aproni, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni, akachukua koti mlangoni.

"Haya, simama," alisema. "Tunakwenda kwake. Mimi nitamwomba radhi. Wewe utakaa hapo unisikie."