Kocha Lukindo Alinyoosha Mkono

Usiku ule nililala bila kula. Jioni kamati ya timu yetu ilikuwa imekutana kuamua kama kipa wao mkongwe, yaani mimi, niongezewe mkataba au niachwe. Asubuhi ya siku hiyo hiyo, kabla ya kikao, Hamisi, kocha wetu, rafiki niliyecheza naye tangu utotoni, alinishika bega akaniambia, "Wewe tulia. Mimi nitakusemea." Kumbe kikaoni yeye ndiye aliyesimama wa kwanza kusema nimekwisha. Habari hizo nilizipata kwa mtunza vifaa.

Usingizi uliponichukua nikajikuta langoni. Uwanja mtupu, nyasi zimelowa. Marehemu Kocha Lukindo, aliyenifundisha kudaka, anakuja taratibu na kandambili zake, filimbi shingoni. Nataka kumkimbilia, miguu inagoma. Anapiga mpira, wa polepole kabisa, wa kumchezesha mtoto. Naurukia. Unapita chini ya mbavu zangu.

Hacheki.

Mara tumo chumbani, kwenye kikao. Wajumbe wamekaa, sura zao sizitambui, isipokuwa Hamisi, ambaye ameinamisha kichwa. Sauti inauliza, "Nani anataka aachwe?" Na Kocha Lukindo, mtu aliyenilea kama mwanawe, ananyoosha mkono kabla ya wote.

"Kocha, unanifukuza wewe?"

Anakuja nilipo, ananishika mkono, anaanza kunivua glovu polepole, kama mtu anayemvua mgonjwa nguo. Vidole vyake ni vya baridi.

"Miguu imekuacha, mwanangu. Hapo Hamisi hakusema uongo."

"Sasa mbona naumia hivi?"

"Kwa sababu asubuhi alikuwa na mdomo wa kukwambia hayo, hakukwambia. Nenda akwambie wewe mwenyewe."

Nageuka kumtazama Hamisi. Kiti chake kitupu.

Nilishtuka kumekucha, mto umelowa. Mke wangu, Rehema, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda ananiangalia.

"Ulikuwa unamwita Kocha Lukindo. Amekuambia nini?"

"Niache mpira."

Mimi nilikuwa nimeshainuka, natafuta shati.

"Na sasa unakwenda wapi?"

"Kwa Hamisi."

"Baba Salma, usiende kupigana."

"Sipigani na mtu. Nataka nisimame mbele yake, aniangalie machoni, aniambie mimi mwenyewe kwamba nimekwisha."