Kiitikio Nilichokitunga Nikifua

Kwa mwanamuziki wa kike hakuna kinachoua kama shikamoo. Azomewe, asemwe, sawa tu. Lakini siku vijana wapenda muziki wakisimama kumwamkia, ajue wameshamtoa jukwaani wamempeleka jikoni.

Mimi yalinikuta Majengo, mchana kweupe, katika ukumbi ambao zamani nilikuwa nikiingia watu wananipisha njia. Bendi yetu ilikuwa mali ya shirika la umma. Shirika lilipouzwa, tajiri mpya alikuta magitaa stoo akauliza haya ya kazi gani, akayauza nayo. Wenzangu wakatawanyika. Nikabaki naimba harusini, kisha hata harusi zikaanza kukodi muziki wa kaseti. Ikafika mahali mwaka mzima sijashika maiki.

Ndipo nikasikia kuna promota kutoka Dar es Salaam anatafuta wasanii wa onyesho la sikukuu. Nikimkosa huyu, nilijiambia, basi tena, nitakuwa mama wa mtaani kwetu Miyuji anayesimulia ya zamani. Nilikwenda kwa miguu, upepo wa vumbi usoni, mdomo nimeufumba sauti isije ikakauka.

Ukumbini nilikuta kikundi cha vijana wamegeuza kofia nyuma, suruali zinawashuka. Wakasimama wote. "Shikamoo mama!"

Loo! Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaitikia marahaba huku nimeuma meno. Promota, aliyekuwa ameketi na simu yake ya mkononi mezani ili kila mtu aione, akanitazama upya kuanzia juu mpaka chini. "Karibu mama," naye akasema. Mwanamume mwenye mvi kunishinda!

Akaniambia ningoje kijana mmoja amalize zamu yake. Kijana akaweka kaseti, akaanza kufoka maneno mbio mbio, wenyewe wanaita kurapu. Mimi pembeni nauwaza wimbo wangu mpya. Mara kikaja kiitikio. Moyo ukanilipuka paa! Kilikuwa changu. Nilikitunga mwenyewe nikifua nguo, nikakiimba na bendi mpaka watu wakapanda juu ya viti. Na vijana wale wote walikuwa wanakiimba, neno kwa neno.

"Huo wimbo ni wangu!" nikapiga kelele. "Nani kakuruhusu?"

Kijana akashtuka, maskini. "Mama, nimeutoa kwenye kaseti za baba. Mimi nilijua ni wa bendi tu."

Hakusema uongo. Enzi zetu redio ilitangaza jina la bendi, mwimbaji nani angemtaja?

Promota akainua mkono tunyamaze. "Kama ni wako, uimbe."

Nikauimba bila ala yoyote. Nilipomaliza vijana walipiga makofi na miluzi, na mimi, wallahi, niliamini nimerudi.

"Safi sana," akasema promota. "Basi utasimama nyuma ya kijana umwimbie hicho kiitikio. Ila kwenye matangazo jina lako hatutaliweka, mama. Vijana hawatakuelewa."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka. Matusi nilikuwa nayo tayari, ya Kiswahili na ya Kigogo. Niambiwe mimi nijifiche nyuma ya mtoto, kwa wimbo wangu mwenyewe! Nikautazama mlango. Nikajua kabisa kwamba nikitoka pale hakuna atakayenifuata, na onyesho litafanyika, na kiitikio atakiimba mtu mwingine. Nikameza yote. Nikasogea nyuma ya kijana, nikashika maiki ya pili.

Kaseti ikaanza tena. Kilipofika kiitikio nilikitoa chote, kama zamani, na siwezi kuficha raha niliyoisikia, nilitaka kulia. Vijana wakageuka kuniangalia. Promota akaizima kaseti.

"Mama, punguza sauti," akasema. "Unamfunika kijana."

Nikapunguza.